Kumngoja Bwana bila Kuacha Jembe: Maana ya Kukesha na Namna ya Kuwapima Manabii

Septemba 2025, mhubiri mmoja wa Afrika Kusini alipotangaza kwa njia ya video kwamba unyakuo, yaani waumini kuchukuliwa juu kumlaki Kristo, ungetokea tarehe 23 au 24 ya mwezi huo, maneno yake yalifika mpaka kwenye jumuiya yetu hapa Moshi, yakiwa yamekwisha kutafsiriwa na kusambazwa katika makundi ya WhatsApp na watu ambao wengi wao hawakujua yalikoanzia. Siku ya jumuiya, tulipomaliza kusoma Neno na kabla ya sala ya kufunga, bibi mmoja anayelea wajukuu watatu aliomba nafasi, akauliza: "Mwinjilisti, fedha ya sare na madaftari ya Januari nimeanza kuiweka kidogo kidogo. Sasa niendelee kuiweka, au niitoe yote sadaka nimngoje Bwana?" Hakuna aliyecheka. Bibi yule hakuuliza kwa ujinga. Aliuliza kwa sababu anaamini, na mtu anayeamini kwamba Kristo atarudi ana haki ya kujua imani hiyo inamtaka afanye nini na fedha iliyofundikwa kwenye pindo la kanga.

Usiku ule nilimjibu kwa kifupi kwamba aendelee kuiweka. Jibu refu ndilo hili ninaloliandika sasa, kwa kuwa nimeona kwamba swali lake lina nyuzi nyingi zilizosokotana, na anayevuta uzi mmoja bila kuufungua mwingine hukaza fundo tu.

Uzi wa kwanza ni lile ambalo Wakristo wote wanakubaliana. Katika Imani ya Nikea, ambayo Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana huikiri kwa kauli moja, tunasema kwamba Kristo atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu. Makanisa ya Kipentekoste na Waadventista wanalihubiri jambo hilohilo kwa msisitizo mkubwa zaidi. Majilio, yale majuma manne kabla ya Krismasi ambayo siku hizi tunayatumia kupamba makanisa na kununua nguo za watoto, yaliwekwa na Kanisa kwa ajili ya kungoja kuja huku kwa pili pamoja na kukumbuka kule kwa kwanza. Kwa hiyo anayehubiri kwamba Yesu anarudi hajaleta jambo geni, wala hapaswi kudharauliwa kwa sababu hiyo. Kosa huanza pale anapoongeza asichopewa.

Uzi wa pili ni unyakuo, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Paulo anawaandikia Wathesalonike kwamba walio hai watanyakuliwa pamoja na waliofufuliwa katika mawingu, "ili tumlaki Bwana hewani". Neno hilo kumlaki ni zuri kwetu, maana tunajua vizuri kinachotokea askofu anapokuja kutembelea usharika wa mlimani: kwaya, wazee wa kanisa na watoto wa Shule ya Jumapili hushuka barabarani kumpokea, kisha hupanda naye kwa nyimbo hadi kanisani. Hawashuki ili waondoke naye. Neno la Kigiriki lililotumika hapo ndilo hilo lililotumika katika mfano wa wanawali kumi, ambao walitoka kumlaki bwana arusi ili waingie naye arusini, na ndilo hilo linalotumika katika Matendo 28 ndugu wa Rumi walipotoka kumlaki Paulo njiani na kuingia naye mjini. Ndiyo maana makanisa ya kale yameliona fungu hili kuwa sehemu ya tukio moja la kurudi kwa Kristo. Fundisho kwamba Kanisa litanyakuliwa kwa siri kwanza, kisha ije dhiki ya miaka 7, na baada yake ndipo Kristo aonekane wazi, lilienezwa kuanzia miaka ya 1830 na mhubiri John Nelson Darby, na likasambaa sana kupitia Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyotoka mwaka 1909. Ndugu zetu wengi wa Kipentekoste hulishika kwa moyo mweupe, na sioni sababu ya kugombana nao. Ninachotaka msomaji ajue ni kwamba karibu kila anayetaja tarehe ya unyakuo anahesabu siku juu ya mchoro huo wa wafasiri, kisha anauwasilisha kana kwamba mchoro wenyewe ndio Maandiko.

Uzi wa tatu umo katika Mathayo 24, sura ambayo husomwa kila vita inapozuka na kila ardhi inapotetemeka. Wanafunzi walimwuliza Yesu mambo mawili kwa pamoja: Hekalu litabomolewa lini, na ni nini dalili ya kuja kwake na ya mwisho wa dunia. Jambo la kwanza lilitimia mwaka 70, majeshi ya Warumi chini ya Tito yalipouteketeza mji wa Yerusalemu pamoja na Hekalu lake. La pili bado tunalingoja. Baadhi ya maneno ya sura ile, kama lile la walio Uyahudi kukimbilia milimani, yanaihusu Yerusalemu ya wakati ule moja kwa moja, na mtu akiyachukua yote na kuyabandika kwenye habari za jioni atajikuta anatabiri kila juma. Zaidi ya hapo, angalia jinsi Yesu mwenyewe anavyozitumia dalili. Anapotaja vita, njaa na matetemeko, anasema, "angalieni, msitishwe", na anaongeza kwamba ule mwisho bado. Alizitaja ili mioyo yetu isiruke. Mhubiri anayezitaja dalili hizohizo ili watu waingiwe na hofu na wakimbilie kwake amezigeuza kinyume cha zilivyokusudiwa.

Kuhusu lini, Maandiko hayakuacha mlango wazi hata kidogo. "Walakini habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba peke yake." Nimesikia hoja, na si mara moja, kwamba kilichokatazwa ni siku na saa tu, lakini mwezi au mwaka tunaweza kuujua. Hoja hiyo inafungwa na Matendo 1:7, ambapo Yesu mfufuka anawaambia mitume kwamba si kazi yao kujua nyakati wala majira. Majira ni neno pana kuliko mwaka. Ikiwa Petro na Yohana, waliokuwa wamekaa naye mezani, waliambiwa kwamba kazi hiyo si yao, sijui ni nani kati yetu amepewa baadaye.

Hata hivyo hesabu hizi hazikuanza jana, wala hazikuwanasa watu wajinga peke yao. Sisi Walutheri tunapaswa kukumbuka habari za Michael Stifel, rafiki wa Luther, mchungaji na mmoja wa wanahisabati hodari wa Ujerumani wa karne ya 16, aliyekokotoa kutoka Danieli na Ufunuo kwamba dunia ingekwisha Oktoba 1533, saa mbili asubuhi. Luther alimwonya, naye hakusikia. Waumini wake waliacha kazi zao, wakatumia walichokuwa nacho, na saa ilipopita walibaki bila akiba huku baridi ya Ulaya ikikaribia. Nchini Marekani, mhubiri William Miller na wafuasi wake walimngoja Kristo tarehe 22 Oktoba 1844, wengine wakiwa wameacha mavuno shambani. Kati ya waliovunjika moyo siku ile wakatoka watu ambao, baada ya kusoma upya na kuacha kuweka tarehe, waliunda Kanisa la Waadventista wa Sabato mwaka 1863, na wamisionari wa kanisa hilo walifika Upare, mkoani mwetu humu, mwaka 1903. Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani, naye alitangaza tarehe 21 Mei 2011, kisha akasogeza hadi 21 Oktoba mwaka huohuo, na mwaka uliofuata akakiri hadharani kwamba alikosea na kwamba kuweka tarehe ni dhambi.

Ninawataja watu hawa kwa sababu moja. Kuna tofauti kati ya mtu aliyekosea na nabii wa uongo, na tofauti hiyo huonekana hasa baada ya tarehe kupita. Aliyekosea huinama. Stifel alinyamaza, akapewa usharika mwingine kwa msaada wa Luther, akaendelea kuchunga watu na kuandika vitabu vya hisabati. Nabii wa uongo hupandisha sauti: atasema tarehe ilitimia kiroho, au maombi yake ndiyo yaliyoiahirisha, au imani ya wafuasi wake ilipungua, na mara nyingi atadai zaidi kuliko alivyodai mwanzo.

Sasa tuje kwenye kukesha, ambako ndiko moyo wa swali la bibi yule ulipo. Katika makanisa yetu neno mkesha limekuwa na maana ya usiku mmoja wa nyimbo na maombi, na ni jambo jema ambalo mimi mwenyewe nimelihudhuria mara nyingi. Lakini Yesu aliposema "kesheni" hakuwa anazungumzia kunyima macho usingizi. Katika mfano wa wanawali kumi, soma kwa makini mstari wa tano wa Mathayo 25: bwana arusi alipokawia, wote walisinzia wakalala usingizi. Wote kumi, wenye busara pamoja na wapumbavu. Kilichowatenga ni mafuta ya taa zao, waliyokuwa wameyaweka ndani ya vyombo vyao kabla giza halijaingia. Walioambiwa wakanunue usiku wa manane walikuta mlango umefungwa, na walioombwa wawagawie walikataa, kwa kuwa mafuta ya namna ile hayaazimwi na hayapatikani kwa haraka.

Mifano inayouzunguka huo inaeleza mafuta yale ni nini. Kabla yake kuna mtumwa mwaminifu, ambaye bwana wake amemweka juu ya watu wa nyumbani awape chakula kwa saa yake. Heri yake ni kwamba bwana wake ajapo atamkuta akifanya hivyo, maana yake atamkuta jikoni akigawa chakula. Mwenziwe mbaya naye habari za kurudi kwa bwana wake anazijua. Anachosema moyoni ni kwamba anakawia, na kwa sababu hiyo anaanza kuwapiga wajoli wake, yaani watumwa wenzake, na kula na walevi. Baada ya wanawali kuna talanta, ambapo anayelaumiwa ni yule aliyefukia alichopewa kwa sababu ya woga. Kisha inakuja hukumu ya kondoo na mbuzi, na humo Mfalme haulizi mtu yeyote kama alijua tarehe. Anazungumza juu ya mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa.

Ukiyasoma yote haya kwa mfululizo kama yalivyoandikwa, badala ya kuchomoa mstari mmoja kwa ajili ya mahubiri ya usiku, utaona kwamba kungoja kwa Kikristo ni kubaki katika zamu uliyopewa, kwa watu uliopewa. Yakobo anamfananisha anayengoja na mkulima anayevumilia mpaka apate mvua ya kwanza na ya mwisho, na mkulima wa Kilimanjaro haitaji mfasiri hapo. Hakuna anayejua masika yatafungua siku gani, lakini kila mtu anamtambua jirani ambaye Machi imemkuta shamba halijatifuliwa. Huko Thesalonike, ambako uvumi ulikuwa umeenea kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwapo, kulikuwa pia na watu waliokaa bila shughuli yoyote, na Paulo aliwaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe. Yule bibi, anapotenga shilingi zake kwa ajili ya madaftari ya wajukuu, yuko kwenye zamu yake.

Hapo ndipo ninapopata kipimo changu cha kwanza cha manabii, na ninakiri kwamba ninakipa uzito kuliko vingine: je, neno la mtu huyu linanirudisha kwenye zamu yangu au linaning'oa kutoka kwenye zamu hiyo? Yesu alisema, "Basi wakiwaambia, Yuko jangwani, msitoke, yumo nyumbani, msisadiki." Kuja kwake kutakuwa kama umeme unaoonekana toka mashariki hata magharibi, kwa hiyo hapatakuwa na haja ya mtu kukupeleka mahali pa pekee ili umwone. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, kuanzia Aprili 2023, ilifukuliwa miili ya zaidi ya watu 400, wakiwemo watoto wengi, ambao kwa mujibu wa walionusurika waliambiwa wafunge kula mpaka wakutane na Yesu. Kabla ya kuingia msituni walikuwa wamekwisha kuwatoa watoto shuleni na kuikataa hospitali. Kanungu nchini Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, baada ya tarehe ya mwisho wa dunia waliyotangaziwa, 31 Desemba 1999, kupita bila kitu, nao walikuwa wameuza mali zao na kuzikabidhi kwa viongozi. Mahali pote pawili watu waliondolewa kwanza kwenye zamu zao za kila siku. Kifo kilikuja mwisho.

Kipimo ambacho wengi hukitanguliza ni muujiza, na hicho ndicho Biblia inakipa uzito mdogo. Kumbukumbu la Torati 13 inasema wazi kwamba nabii anaweza kutoa ishara nayo ikatokea kweli, lakini kama anawavuta watu kwa miungu mingine, wasimsikilize. Katika Mathayo 7, watu wanamkumbusha Yesu kwamba walifanya unabii, wakatoa pepo na kufanya miujiza mingi kwa jina lake, naye hakanushi kwamba waliyafanya; anasema hakuwajua kamwe. Kwa hiyo hoja ya "lakini nilimwona kiwete akitembea" haifungi mjadala.

Kutimia kwa neno nako ni kipimo, lakini kinahitaji uangalifu. Sura ya 18 ya Kumbukumbu la Torati inasema neno lisipotimia halikutoka kwa Bwana, na kwa mwenye kutaja tarehe hukumu hiyo ni nyepesi kutoa. Ila Yona alitangaza kwamba Ninawi utaangamizwa baada ya siku 40 nao haukuangamizwa, kwa sababu watu walitubu, na Yeremia 18 inaeleza kwamba maonyo ya Mungu mara nyingi yana nafasi hiyo ya toba ndani yake. Yeremia huyohuyo alipokutana na Hanania, aliyeahidi kwamba vyombo vya Hekalu vingerudi kutoka Babeli kabla ya miaka 2 kwisha, alijibu kwanza, "Amina", kwa maana naye alitamani iwe hivyo. Kisha akakumbusha kwamba nabii anayetabiri amani hujulikana neno lake litakapotokea. Ninapenda utulivu wake. Hakumpigia kelele, alisubiri mpaka Bwana alipompa neno, ndipo akarudi kumwambia Hanania uso kwa uso kwamba Bwana hakumtuma.

Kuhusu fedha, Wakristo wa mwanzo walikuwa wakali kuliko sisi. Andiko la kale liitwalo Didake, ambalo wataalamu wengi huliweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, linaagiza kwamba mtume anayepita apokewe kama Bwana mwenyewe, lakini akikaa siku 3 ni nabii wa uongo, na akidai fedha ni nabii wa uongo. Ningependa agizo hilo lisomwe kwenye mikutano yetu ya hadhara. Hata hivyo fedha peke yake haitoshi kuwa mizani. Watu wa mkoa wa Arusha wanakumbuka mwaka 2011, magari yalipopanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, mchungaji mstaafu aliyesema ameonyeshwa dawa hiyo na Mungu. Alitoza shilingi 500, kiasi ambacho hakuna awezaye kukiita unyang'anyi, na mimi simtuhumu marehemu kwa hila. Lakini wapo wagonjwa waliofia njiani, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kwa kuamini kwamba wamekwisha kupona. Matunda hutazamwa kwa waliofuata pia.

Na sisi wa Moshi tuna la kwetu, ambalo ninaliandika kwa uzito. Jioni ya tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo, watu 20 walipoteza maisha kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa. Wale hawakuwa wapumbavu wa mfano wa Yesu, na asitokee mtu kuwahesabia hivyo. Walikuwa wazazi na watoto waliobeba magonjwa, madeni na nyumba zilizovunjika, na walifanya walichoambiwa. Swali langu ni kwetu tuliobaki na tunaofundisha. Tulifanya nini miaka yote ile hadi mtu wetu akaamini kwamba baraka ya Mungu ipo sakafuni mahali pamoja, kwa muda mfupi, na kwamba atakayechelewa ataikosa? Mtu aliyefundishwa kwamba neema ni ya kuwahi ataiwahi, na atampita jirani yake aliyeanguka.

Swali la chapa ya mnyama, ile alama ya kitabu cha Ufunuo ambayo watu huogopa kuipokea bila kujua, nitalipitia haraka. Lilitawala mazungumzo wakati laini za simu ziliposajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019 na 2020, likarudi wakati wa chanjo ya korona. Katika Ufunuo 13 na 14 chapa ile inaambatana na kumsujudia mnyama na sanamu yake, jambo ambalo mtu hawezi kulifanya kwa bahati mbaya akiwa dirishani kwa wakala wa simu.

Limebaki jambo ambalo niliulizwa na mzee mmoja baada ya jumuiya ile, tukiwa tumesimama nje gizani. Binti yake ameingia katika kikundi kinachongoja tarehe, ameacha kazi ya saluni, na hamruhusu mama yake kuwaona watoto. Nilimwambia asiende kubishana naye juu ya mistari, maana amefundishwa kumsubiri mbishani na ameandaliwa majibu. Aende na ndizi na maziwa, kila juma, hata kama anaishia mlangoni. Aulizie afya ya watoto na kama wanasoma, na akiona wananyimwa chakula au dawa, asingoje kikao cha ukoo. Aende siku hiyohiyo kwa mwenyekiti wa mtaa na ustawi wa jamii, na polisi ikibidi. Chumba cha binti pale nyumbani kiachwe kama kilivyo, naye aambiwe kwamba kimeachwa. Tarehe ikipita, atahitaji mahali pa kurudi ambapo hatasikia mtu akimwambia, "Tulikuonya." Mzee akanijibu kwamba chumba kile walikuwa wamekwisha kukipangisha, lakini mpangaji anahama mwisho wa mwezi.